Léontine, Binti wa Mtoto Asiyehesabiwa

Zamani mtu wa kilima cha Ndjalo alipokufa, kila aliyeshika jembe kaburini alijua baba wa marehemu alizaliwa katika nyumba gani. Leo tunamzika Mama Léontine Lotsove hapa Bunia, mbali na kwao, na nusu ya waliokalia viti hivi vya kukodi watamjua kwa karatasi hii tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950, kilimani Ndjalo, karibu na Bule, binti wa Ngabu Emmanuel na Veronika. Katika nyumba ile mtoto hakupewa chakula cha jioni kabla ya kumtaja baba yake, babu yake, na baba wa babu yake. Aliyekosea alingoja. Léontine hakungoja hata siku moja. Mimi mdogo wake nilikula viazi vilivyopoa mara nyingi. Siku hizi kijana huuliza jina la babu yake siku ya kujaza karatasi za shule, na akishaliandika amelisahau.

Alisoma kwa masista wa misheni na kumaliza shule ya msingi mwaka 1963. Mwaka uliofuata uasi ulifika, masista wakaondoka, mlango wa shule ukafungwa. Hakurudi darasani tena, ingawa alisoma kila karatasi iliyofika mikononi mwake, hata ile iliyofungia sukari.

Mwaka 1969 alikwenda Mongbwalu kushona nguo na kuuza vitenge kwa wake za wachimbaji. Hapo alikutana na Katsuva, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, wakafunga ndoa kanisani tarehe 8 Julai 1972. Mtoto wao wa kwanza, Fiacre, alipozaliwa, Katsuva alitaka kumwita Paluku, kwa sababu kwao mvulana wa kwanza huitwa hivyo. Léontine alikataa katakata. Kwetu mtoto wa kwanza hahesabiwi. Ukimtaja katika hesabu, umemwonyesha kifo njia. Alimwambia mumewe, “Weye unataka kumuita mutoto wa kwanza mbele ya kila mutu? Kifo iko na masikio.” Katsuva alicheka, lakini Paluku hakuitwa. Mwaka 2003 vita vilimuua Katsuva mlangoni mwa duka lake. Mjane alitembea na watoto hadi Ndjalo, akajenga kwenye uwanja wa baba yetu.

Mwaka 2018 tulifukuzwa hata huko. Tulichomewa nyumba, tukaja Bunia kuishi chini ya hema. Miaka mitatu baadaye, ilipoonekana kwamba njia ingefunguka, wazee wa kilima walikutana hapa mjini kupanga nani angerudi kwenye shamba lipi. Kila familia iliambiwa ionyeshe fishi ya nyumba yake, ile kadi ambayo makarani wa Wabelgiji waliandika baba, wake zake na watoto wake. Asiye na fishi angehesabiwa kuwa mgeni. Mashamba yetu yote, pamoja na makaburi ya wazazi, yalitegemea kadi hiyo.

Ofisi iliyozitunza ilikuwa imeungua. Léontine, na miguu yake iliyovimba, alizunguka Bunia amepakiwa nyuma ya pikipiki ya Fiacre, akiuliza parokia kwa parokia, hema kwa hema, mpaka akampata Mama Adeline, binti wa karani wa zamani, aliyekimbia vita na sanduku la bati la baba yake kichwani. Fishi ya babu yetu ilikuwemo. Watoto wake wote walikuwa wameandikwa, isipokuwa baba yetu.

Wengi katika familia walikata tamaa siku hiyo. Yeye akamwomba Mama Adeline atafute fishi ya mjomba wa baba, aliyeishi ng'ambo ya bonde. Baba alikuwa huko, ameandikwa katikati ya watoto wa mjomba, mahali ambapo kifo kisingemtambua. Alikuwa mtoto wa kwanza. Siku karani alipopanda kilima na meza yake, wazazi walimvusha bonde.

Mbele ya wazee, Muzee Lokana, aliyeongoza mkutano, aliisoma fishi na kuirudisha. Alisema kwa upole, “Mama Léontine, karatasi yako yenyewe iko inasema baba yenu ni mutu wa ng'ambo. Siye tufanye nini?”

Dada yangu akamuuliza, “Muzee, baba yako alikuwa wa kwanza kwao. Fishi yake iko wapi?”

Mama Adeline, aliyekuja mkutanoni na sanduku lake, akalifungua, akatafuta, akampa Lokana fishi. Baba yake naye alikuwa ameandikwa kwa wajomba. Mzee mmoja wa nyuma akasema, “Kumbe siye wote ni watu wa ng'ambo,” na watu wakacheka kama ambavyo hawakuwahi kucheka tangu wakimbie. Uwanja wetu ukarudishwa siku hiyo. Kabla ya mvua kwisha mapigano yalianza upya, njia ikafungwa, na hakuna aliyerudi. Alishinda shamba asiloliona tena.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka jana. Aliomba azikwe Ndjalo kando ya mama yetu. Tulimwahidi, tukijua njia ilivyo. Alifariki hospitalini, hapa Bunia, asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025.

Ameacha watoto wanne: Gracieuse, Jeannine, Fabien na Abigaël; wajukuu; na mdogo wake mmoja, aliyeandika haya.

Najua kuna anayeshika msalaba hapa ambaye jina lake halikusomwa. Sikulisahau. Jumatatu jioni, mara ya mwisho nilipomwona dada yangu, muuguzi Arlette alikuwa akijaza karatasi kitandani pake. Fiacre, mwenye mvi tayari, alisimama mlangoni na chupa ya maji.

“Mama, uko na watoto ngapi?” muuguzi aliuliza.

Dada alimtazama Fiacre kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu anayeanza safari. Kisha akageuza uso ukutani.

“Ine,” alisema. “Andika ine.”

Fiacre alifungua mdomo. Nilimshika mkono, akanyamaza. Mauti yalikuwa chumbani tayari, na mama yake alikuwa akimvusha bonde.

Ndivyo alivyotaka iandikwe, na ndivyo nilivyoandika. Apumzike kwa amani ambayo Ituri haikumpa.