Marehemu Usi Simai, Fundi wa Gari la Wakunga

Assalamu alaykum, wazee wetu, jirani zetu, na nyinyi mliotoka karakana na nguo za kazi kuja kutufariji. Kabla hamjanyanyuka mkekani, familia inaomba mumsikilizie marehemu maisha yake, yanayosomwa na mdogo wake, Jecha, kwa niaba ya nyumba nzima.

Marehemu Usi Simai Borafya alizaliwa Makunduchi tarehe 3 Machi 1924, akasoma chuo cha Kurani kwanza, halafu skuli ya huko huko, mpaka mwaka 1939 baba yetu alipofariki, akaja mjini kukaa na shangazi yetu Miembeni. Mwaka 1941 alipokewa katika gereji moja ya Mlandege, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na mwaka 1948 akaajiriwa karakana ya serikali, ambako alikaa hadi maradhi yalipomtoa. Tarehe 12 Mei 1951 alimuoa Bi Mwanakheir Abdulla wa Kikwajuni, ambaye sasa amekaa eda, wakajaaliwa watoto watatu, Mize, Simai na Kidawa.

Mengi ya hayo mnayajua, lakini mnalolijua zaidi ni jambo la gari, na kwa kuwa kila mtaa una maelezo yake, familia imeona bora lisemwe leo mbele ya watu, kama lilivyokuwa.

Mwaka 1964 watu wengi wenye mali walipoondoka, waliacha magari kwenye mabanda, na moja kati ya hayo, la Kimarekani, rangi ya samli, likapewa kazi ya kuwapeleka wakunga shamba. Lilikuwa na kitu ambacho mafundi wa hapa hawajapata kukigusa, feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo ikasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ile ile, na waliokijua wakikiita tabo. Likikanyagwa, gari lile liliruka mpaka abiria akashika mlango.

Mwezi wa Juni 1966 pampu yake ya petroli ilikufa, na kwa kuwa vipuri vyake havikuwa vikiletwa, marehemu alitia pampu ya gari dogo la kawaida, akaliwasha, likanguruma vizuri, akaridhika. Jumamosi tarehe 9 Julai dereva wake, Kificho Hamad, alikuwa akimpeleka mkunga, Bi Wanu, kijijini Jambiani, kwa Bi Mwanakhamis aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, na walipofika njia iliyonyooka karibu na msitu wa Jozani gari likakohoa, injini ikagongagonga, likazimika. Lilipokubali kuwaka lilikwenda kidogo, likazimika tena, na walipofika Jambiani mama alikuwa hai, na mtoto alikuwa keshafunikwa kanga.

Siku zile hapakuwa na bahati mbaya, kila kitu kilikuwa na mtu nyuma yake. Jumatatu yake watu wawili walikuja karakana wakamchukua marehemu, na swali lao lilikuwa moja tu, wakiligeuzageuza, nani alimtuma. Akawajibu kuwa pampu ni nzima. Wakaitoa, wakaijaribu, wakaikuta nzima kweli, na uzima wake ukawa ndio ushahidi dhidi yake, kwani kama pampu ni nzima, basi gari limezimwa na mkono wa mtu. Alitolewa mwezi wa Oktoba, amekonda, bila kuambiwa amekosa nini wala amesamehewa nini.

Alirudi mtaa uliobadilika. Waliozoea kumwita kahawani wakawa na shughuli ghafla, na Bi Mwanakheir akawa anafunga redio kila mtu akipita dirishani. Marehemu mwenyewe hakuwa bora kuliko wengine, kwani alijua kuwa neno lake limepelekwa kwa wale wawili na mtu wa karakana, na aliamini mtu huyo ni Kificho, kwa sababu Kificho hakushikwa. Kificho naye aliamini kuwa Usi aliliharibu gari makusudi na kumwachia yeye lawama ya njiani. Wakawa wanafanya kazi banda moja, kila mmoja akiangalia mikono ya mwenziwe.

Mwezi wa Februari 1967 gari lilikuwa bado liko chini ya turubali, na gari jengine la wakunga limekatika ekseli, ndipo Bi Wanu alipokwenda karakana mwenyewe akawaita wote wawili.

"Kificho, mweleze Usi ulivyokuwa ukiendesha siku ile."

"Nshaeleza kule nlikoitwa, Bi Wanu."

"Kule uliwaeleza wao. Sasa mweleze fundi."

Kificho, huku akitazama pembeni, akasema kuwa gari lilikuwa zima mpaka Tunguu, na lilikuwa zima mpaka msituni, ila Bi Wanu alipomhimiza akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na hapo ndipo lilipokata, na kila alipopunguza mguu liliwaka, na kila alipokanyaga likafa. Maneno hayo marehemu alisomewa alipokuwa ndani, akayaona uongo wa mtu anayejitoa. Safari hii aliyasikia kutoka kinywa cha mwenyewe, na yakamfanya afikiri.

Aliomba kipande cha mrija wa kioo kwa Bi Wanu, akakiunga katikati ya mpira wa petroli, akaupitisha mpira dirishani ili auone akiwa amekaa, na Kificho akaendesha njia ya Tunguu. Kwa mwendo mdogo kioo kilijaa. Kificho alipokanyaga, feni ikavuma, petroli ikageuka povu, kioo kikabaki kitupu.

"Tazama, Kificho!"

"Mimi nnatazama njia. Tazama wewe."

"Haitoshi. Pampu nzima lakini haitoshi. Hewa inasukumwa nyingi, petroli haiwahi."

Na pampu ile aliichagua yeye mwenyewe.

Ilitakiwa pampu kubwa, na kubwa pekee iliyopatikana ilikuwa ya mashine ya boti, aliyopewa na mtu wa Malindi ya hapa mjini. Alipoonekana akiibeba kikapuni, maneno yakaruka kuwa Usi anatengeneza boti, Usi anakimbia, na wale watu wawili wakarudi. Akaifunga pampu wakiwa wamemsimamia kichwani, akavuta paipu pana ya shaba kutoka kwenye tangi, akatia chujio jipya, akatanua jeti za kabureta, yaani vile vitundu vinavyopitisha petroli. Mara ya kwanza alivitanua kupita kiasi, plagi zikalowa, moshi mweusi ukajaa banda, na mmoja wao akauliza, "Sasa unatuchomea karakana?" Marehemu akaviziba kwa lehemu, akavitoboa upya, kidogo kidogo, mpaka moshi ukasafika.

Tarehe 20 Machi 1967 ikaja habari ya mama mwenye uchungu Bwejuu, na hapakuwa na gari jengine. Kificho alishika funguo asiwashe.

"Na likinifia tena, Usi? Safari hii ntachukuliwa mimi."

Marehemu akafungua mlango wa nyuma, akaingia na kukaa.

"Watatuchukua sote."

"Hapana anayechukuliwa," akasema Bi Wanu, akapanda na mkoba wake. "Mimi nna mtu wa kuzalisha. Washa."

Wakapita Jozani gari likivuma, Kificho amekanyaga mpaka mwisho na marehemu ameshikilia kiti, halikukohoa hata mara moja, na Bwejuu mtoto wa kike akazaliwa mzima, na mama yake mzima. Gari la wale wawili, lililokuwa likiwafuata, lilipotea nyuma kabla ya Tunguu, jambo ambalo nalo marehemu aliitwa kulieleza.

Mwaka 1970 alianza kukohoa, akalazwa hospitali mwezi wa Novemba 1971, akatoka, akarudishwa tena mwezi wa Februari. Kificho alikuja kumtazama, akavuta kiti karibu na kitanda, akasema, "Mimi nlikushuku." Marehemu akamjibu, "Mimi nlikushuku zaidi. Nipe maji." Tangu siku hiyo Kificho hakukosa kuja, na jana, marehemu aliposhushwa kaburini, aliyekuwa ndani ya mwanandani kumpokea upande wa kichwa ni yeye. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 1972, akiwa na umri wa miaka arubaini na minane.

Familia inawashukuru madakta na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, jirani wa Miembeni waliopika na kuteka maji, wakiwemo waliokuwa na shughuli mwaka ule, wenzake wa karakana, na Bi Wanu, aliyesimama naye wakati kusimama na mtu kulikuwa na hatari yake.

Kuhusu nani aliyepeleka neno lile, hakujulikana, na Kificho ameapa kwetu kuwa siye, nasi tumempokea. Marehemu aliusia kuwa mtu huyo amesamehewa na asitafutwe, na kama yuko mkekani hapa, basi ale kama wengine. Sisi nyumba yake hatujafika alipofika yeye, bado tukimwaga chai tunaangalia nyuso, lakini usia ni usia, hatutamtafuta.

Pumzika kwa amani, kaka yetu. Umefika kwa Ajuaye bila kuuliza.