Chupi ya Shamba la Kanisa

Benchi letu kando ya mfereji, hapa kijijini, mkoani Friesland, huitwa Benchi la Waongo, nasi hatulikatai jina. Jumanne ile mimi sikuwa na hamu ya kudanganya. Katikati yetu ilikuwa imetandazwa chupi ya pamba, imefukuliwa asubuhi katika shamba la kanisa ambalo Gosse, aliyeketi nasi, amelikodi miaka thelathini. Mkataba umekwisha, na jirani yake Wiebren naye kaliomba. Basi wazee wa kanisa walifukia chupi mbili mwezi Mei, moja humo na moja kwa Wiebren, waone udongo upi una minyoo na vijidudu hai vya kula pamba. Ya Wiebren ilitoka lastiki tupu. Ya Gosse ungeifua ukaivaa.

— Wiebren kaja kuibadilisha, alisema Redio, ambaye hujua habari kabla hazijatokea.

— Na tope lote hili lililoigandia? aliuliza Kapteni, aliyewahi kuendesha pantoni.

— Basi ya kwake imeliwa na panya.

— Panya gani wanabakiza lastiki?

— Wa Wiebren wana adabu.

Sikucheka. Gosse ni rafiki yangu tangu shule, na bila shamba lile mwanawe hawezi kuendelea na ng'ombe. Kapteni akazua kwamba mfereji unahamishia minyoo yote kwa Wiebren. Redio akaapa kuna mashine ya kuwaita. Uvumilivu ukanishinda. Nikasema Wiebren ameiweka plau ghalani, anarudishia ardhi samadi na mabua, na Gosse kila mwaka anapindua udongo chini juu, mahindi baada ya mahindi.

— Miaka yote unakunywa maziwa yangu, Gosse aliniambia taratibu. Leo ndiyo unaiona plau yangu?

— Nilikuwa naiona. Nilinyamaza, na nilikosea.

— Mahindi yangu yanayapita ya Wiebren kimo, bwana.

— Kwa mbolea ya mifuko. Acha mifuko mwaka mmoja tuone.

Akasimama. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli niliogopa.

Ndipo akafika Doutzen kwa baiskeli, karani mpya wa kanisa, hana hata miezi miwili hapa. Alisema wazee wanakutana saa kumi kuamua nani apewe shamba, na angependa kumsikia Gosse mwenyewe kwanza. Kapteni akamjazia kikombe cha kahawa. Hakukaa.

— Mzee Gosse, kwetu nilikotoka shakwe, wale ndege weupe wa pwani, humfuata mwenye plau wakiokota minyoo. Ukilima wewe, wanakuja?

Gosse akanigeukia mimi kama anayeniomba nimjibie. Sote tumemwona kila Aprili, trekta likienda na kurudi katika shamba lile, na nyuma yake hakuna ndege hata mmoja.