Cheo cha Sadock

Bajaji ya kwenda kijiji cha Utende ilitubeba abiria watatu. Nilikaa pembeni, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila kutega sikio sana. Kijana aitwaye Sadock, mtengenezaji wa programu za simu za wakulima wa mwani, alitakiwa na bosi wake achague cheo cha kuandikwa kwenye kitambulisho.

"Nitaandika mtengeneza programu tu, mama."

Bi Biubwa, mzee aliyekaa katikati yetu, akamgeukia. "Na kuwafundisha kina mama kuzitumia? Na kusikiliza malalamiko yao?"

"Ni mimi pia."

"Basi andika yote, mwanangu! Hifadhi ya bahari ilipoanza hapa, marehemu mume wangu aliingia mlinzi. Akawa anahesabu viota vya kasa, anasuluhisha ugomvi wa nyavu, anawavusha waja wazito kwa boti ya doria. Akastaafu mlinzi. Jina dogo lile, mpaka leo linaniuma."

"Kitambulisho chenyewe kidogo, mama."

"Wakiongeze ukubwa."

Bajaji ikasimama dukani. Mwanamke aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka barazani akapaza sauti: "Mke wa Mlinzi huyoo!"

Bi Biubwa akaitika kwa furaha, hata kabla dereva hajazima injini.