Barua ya Posa Niliyoiandika kwa Ajili ya Kamera

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie, maana nimechoka kuulizwa, na nimechoka zaidi kujibu uongo. Naanza na kosa langu: nilikubali kiki. Wimbo wangu ulipoanza tu kusambaa, meneja wangu, Braza Deo, alitaka tutengeneze penzi la uongo ili watu watuzungumzie, nami nikasema sawa.

Wimbo wenyewe niliurekodi kwa simu chumbani kwetu Mbagala, nimejifunika blanketi ili mashine ya kusaga ya jirani isisikike. Ghafla ukawa unapigwa kila saluni. Watu nao wakaanza: mbona hana demu? Mbona sauti laini hivyo? Ndugu zangu, watu wasiojua hata jina la mama yangu walitaka kujua nalala na nani!

Mie nilikuwa silali na mtu. Na ukweli nilioufungia tangu shule ni kwamba sijawahi kumtamani msichana. Ndiyo maana nilikubali haraka. Deo akamleta Fausta, dada mpole wa Mwananyamala aliyetaka kuigiza filamu. Tukapiga picha, watu wakatulia kidogo. Kisha wakauliza: ndoa lini?

"Peleka posa, mdogo wangu," akasema Deo. "Tunarekodi, tunaposti, halafu mnaachana kimyakimya."

Barua ile niliiandika mara tisa! Mwandiko ukipinda kidogo, nachana. Nikaifunga kwenye leso, mjomba akaipeleka bila kujua lolote. Mjinga gani anapeleka posa ya utani kwa wazee? Babu yake Fausta, mchonga vinyago, hakujua kiki ni nini. Aliisoma, akasema kijana mwenye mwandiko huu hana utani, akawaita ndugu zake kutoka Mtwara waje kutoa majibu.

Hapo mwili ukanigomea. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, jukwaani sipandi. Daktari alinipima, akasema moyo ni mzima, nina hofu. Nyie hapa kanisani mkaniwekea mikono, mkakemea pepo wa umaarufu mpaka shingo ikaniuma. Nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza naogopa nini! Nilikuwa naogopa siku ya majibu.

Ikafika. Sebule imejaa, mama yangu kavaa kitenge kipya, kamera ya Deo imewaka. Babu akaniuliza kama kweli nampenda mjukuu wake. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nipe sentensi moja tu, hata kama haijanyooka.

"Nisamehe, babu. Barua ile ni ya uongo."

"Nilijua mie!" shangazi mmoja akapayuka. "Mwanaume gani anaandika vizuri hivyo?"

Fausta akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Babu hakunisamehe. Alinirudishia barua na leso yake, akaingia chumbani.

Tulipotoka, nikamwambia mama yaliyobaki, kuhusu wasichana.

"Hilo sijui niseme nini, mwanangu. Nitaomba," akasema. "Ila mtoto wa mwenzangu umfanye pazia? Hapo umenichoma." Kisha akanivuta mkono. "Twende ukale, umekonda mno."

Hapo ndipo nikagundua navihisi vidole vyangu. Asante Yesu!

Ndugu zangu, msinitungie muujiza mwingine. Bwana aliniokoa na uongo, na huo ndio ushuhuda wangu. Mengine bado namuuliza, naye hajanifukuza. Wewe uliyebeba siri mpaka vidole vinakufa ganzi, mwambie Yeye kwanza. Hatashtuka.

Tangu siku ile sina meneja, mashabiki wamepungua, na mtu akiniuliza kuhusu mchumba namjibu kwamba sina.