Kaka Yetu Tulia, Dalali wa Hisa Aliyewangoja Wageni

Kaka yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1969 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mama yetu na wa kwanza kumnyima usingizi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari ya kutwa, na mwaka 1992 akapata stashahada ya uhasibu. Akiwa darasa la tano, stoo ya madawati ilishika moto. Alisimama mlangoni akiwaambia wenzake, "Tulieni, ni moshi tu," mpaka mwalimu akamtoa kwa kumvuta sikio. Jina la Tulia likamganda.

Mwaka 1994 aliajiriwa na kampuni ya udalali wa hisa, enzi ambazo bei ziliandikwa ubaoni kwa chaki, akapanda hadi kuwa dalali mkuu. Wateja wake walikuwa walimu wastaafu, mafundi cherehani, na sisi ndugu zake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alitazama mifuko ya uwekezaji ya ng'ambo ilinunua nini jana yake, naye akatununulia hicho hicho. Mifuko hiyo aliiita "wageni." Kwa miaka mingi utaratibu huo ulitulipia karo na matibabu, na hatukuwa na la kusema ila asante.

Tarehe 16 Desemba 2000 alimwoa wifi yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Nyumba yao waliijenga chumba kwa chumba, wakihamia kabla dari halijafungwa.

Julai mwaka huu riba zilipanda ng'ambo, fedha zikawa na faida zaidi huko, wageni wakaanza kuuza. Kumbe zaidi ya nusu ya hisa za benki aliyotununulia karibu sote zilikuwa mikononi mwao. Walipouza, hapakubaki wa kununua. Kaka alikuwa amewaona wakitoka na kurudi mara mbili, akaamini watarudi tena. Mwalimu mmoja mstaafu alimfuata ofisini.

"Tulia, mwanangu, niuze?"

"Usiuze, Mwalimu. Wanarudi hawa."

"Na wasiporudi?"

"Basi nitazinunua mimi."

Na kweli alizinunua, za mwalimu na za wengine walioingiwa na hofu, kwa mkopo, nyumba ikiwa rehani. Wageni walibadili fedha zao kuwa dola wakaenda zao, na bei ikaporomoka. Waliomsikiliza wakangoja wamebaki mikono mitupu. Baadhi yao wamekataa kuja leo, na hatuwalaumu. Wifi ameambiwa awe ametoka ndani ya nyumba kufikia mwisho wa mwezi huu. Jamani, inauma, na hatujui tushike wapi.

Presha ilimwanza Septemba. Tarehe 11 Novemba akapata kiharusi. Wodini alidai redio asikie bei za siku. Wifi akamwambia, "Baba watoto, hapa tunapima presha, hatupimi hisa." Alicheka kwa upande mmoja wa uso. Alifariki tarehe 2 Desemba, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, ndugu watano, na mama yetu mwenye miaka themanini na minne. Mama hakuuza hata hisa moja, kwa kuwa mwanawe alimwambia angoje neno lake. Juzi, tukichagua jeneza, aliniuliza, "Sasa niuze, au hajasema?"

Mungu ampe kaka yetu mapumziko ya amani.