Mshahara Umelala Benki

Benchi la kijiwe cha Bi Kijiko hakuna aliyekumbuka lilikotoka. Lilikuwa ubao mmoja mpana, mzito, uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la rangi lililofungwa siku nyingi. Upande mmoja lilikuwa na tundu ambalo wenyewe walizoea kudondoshea vijiti vya kiberiti, na ubavuni lilikuwa na vyuma viwili vya kutu vilivyokwisha kuchana suruali za watu wazima na heshima zao. Juu ya ubao huo nchi ilitawaliwa kila asubuhi: bei zilishushwa, mawaziri walifukuzwa kazi, na ikifika saa sita kila mtawala alirudi kwake na njaa yake. Jumamosi hiyo watawala walikuwa wawili tu. Mmoja ni Kiambatisho, tarishi mstaafu, aliyebeba barua za ofisi miaka thelathini akaishia kuamini kwamba amezisoma zote. Wa pili ni Bomba, fundi bomba, ambaye kwake hakuna jambo la dunia hii lisilosababishwa na presha. Bi Kijiko mwenyewe alikuwa na birika na ulimi, na hukuweza kujua kipi cha moto kuliko mwenzake.

Saa tano kasorobo akatokea Kodo, mlinzi wa usiku wa ghala la serikali. Jina hilo alipewa kwa ajili ya macho yake, yaliyomtoka pima kwa kukesha. Alikuwa amevaa fulana ya benki iliyofubaa, kifuani imeandikwa AMKA NASI.

— Shikamoo, mzee Kiambatisho.

— Marahaba. Mbona umenuna hivyo?

— Akaunti yangu imelala.

Bi Kijiko akaacha kumimina.

— Imelala vipi? Imelala njaa?

— Imelala tu, dada. Natoka benki sasa hivi. Ndivyo walivyoniambia.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwezi uliopita ulitoka waraka kwamba walinzi, wafagiaji na vibarua wote wa serikali hawatalipwa tena mkononi kwenye dirisha la mhasibu. Watalipwa benki, kwa usalama wao. Wenzake walihaha, Kodo akatulia, maana akaunti alikuwa nayo. Aliifungua miaka miwili nyuma, siku benki ilipokuja mtaani na gari la muziki. Aliweka elfu tano, akapewa fulana. Fulana akaivaa, akaunti akaisahau.

Mshahara wa safari hii ulichelewa wiki mbili ukitafuta njia ya kwenda benki, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kusubiri njia. Juzi jioni alikuja na bisibisi, akang'oa mlango wa chumba cha Kodo, akauegemeza sebuleni kwake. "Sijamfukuza mtu mimi," alisema. "Nyumba kaeni. Nimechukua mlango wangu tu. Kodi ikija, mlango unarudi." Basi siku mbili mfululizo Kodo alikuwa akilinda malango matatu ya chuma ya serikali, huku mkewe na watoto wamelala nyuma ya shuka. Hakusinzia hata kidogo, na safari hii hakuwa anaogopa msimamizi. Leo jioni zamu ilikuwa inamwita tena, naye roho ilikuwa inamuuma waziwazi. Hakuweza kuvumilia usiku wa tatu wa shuka.

— Ngoja, akasema Bomba. Mshahara umeingia, haukuingia?

— Umeingia. Yule binti wa dirishani anauona kabisa kwenye kompyuta. Ananiambia, "Hongera, baba, umeingia." Nikamwambia, basi nipe. Akasema hawezi, akaunti imelala, haikuguswa mwaka mzima. Nikamwambia iamshe. Akasema kuamsha ni elfu kumi. Nikamwambia zikate humohumo. Akasema akaunti iliyolala haikatwi, niende nikalete mkononi.

— Kwa hiyo hela ya kuamshia hela...

— Imelala nayo, chumba kimoja.

Bi Kijiko akampa kahawa bila kuuliza. Kodo akatoa simu na kuwasomea ujumbe, kidole kikifuata maneno:

— "Mpendwa mteja, mshahara wako umepokelewa. Ada za uendeshaji za miezi iliyopita, elfu sita, zimekatwa. Akaunti yako imelala. Fika tawini uiamshe."

— Mpendwa! akasema Bomba. Mimi tangu nioe sijaitwa mpendwa.

— Tuache mapenzi, akasema Kodo. Benki inafunga saa sita, mpaka Jumatatu. Nahitaji elfu kumi. Nitazirudisha leo hiihii, dakika ileile ikiamka.

Kijiwe kikapekua mifuko. Bomba alitoa mia saba na nati mbili. Kiambatisho alitoa elfu moja, akaikunjua, akaiaga. Bi Kijiko akaongeza elfu mbili kutoka chini ya birika, akawakumbusha wale wawili kwamba hiyo ni kahawa yao ya juma zima ambayo hawajailipa. Jumla ikawa elfu tatu na mia saba, na kwa kiasi hicho, Kodo aliwaza, labda akaunti ingepiga miayo tu.

— Hili ni suala la presha, akaanza Bomba, na Kodo akajua kahawa hii itakuwa ndefu. Sikiliza. Hela ni maji. Inatoka juu, kwa wakubwa, inashuka. Sasa kwenye bomba la mtu mdogo wamefunga valvu. Ile ya upande mmoja. Inaingia, haitoki. Mimi nimezifunga nyingi, nazijua.

— Kwa nini waifunge kwangu?

— Wewe uko mwisho wa laini, ndugu yangu. Mwisho wa laini kuna matope. Wakikufungulia, unachafua tangi zima.

— Wewe Bomba hujasoma nyaraka, akasema Kiambatisho, akafungua mkoba wake wa plastiki na kutoa karatasi iliyonakiliwa mpaka herufi zikapauka. Hii hapa sera yenyewe, na kiambatisho chake. Imeandikwa, "Wananchi wote wa kipato cha chini watajumuishwa." Unaona? Kujumuishwa. Neno hilo limetoka kwenye kujumlisha.

— Haya.

— Ulipokuwa shule, baada ya kujumlisha ulifundishwa nini?

Kodo akafikiri.

— Kutoa.

— Basi! Kwanza umejumlishwa, sasa unatolewa. Baadaye kuna kuzidisha.

— Na kugawanya?

— Kugawanya ni darasa la juu. Serikali haijafika.

Kodo akatazama saa ya Bomba. Saa tano na robo. Alikuja kutafuta elfu kumi, akawa amepewa hesabu.

— Mimi nikisinzia dakika tano nakatwa mshahara, akasema, na sauti ikampanda. Dakika tano! Hii imelala mwaka mzima na anayekatwa ni mimi. Nani alimlinda nani?

— Usipige kelele, akasema Kiambatisho. Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Walisema juu ya akaunti?

— Walisema kwa ujumla. Ndiyo kanuni ya benki hiyo. Ndiyo maana ada ni kubwa, wanakukinga usije ukalala.

Bi Kijiko akacheka mpaka akaweka birika chini. Naye hakutaka kupitwa.

— Lakini kweli, mmewahi kujiuliza kwa nini benki kuna baridi vile? Nje jua la kuchoma ngozi, wewe ukiingia tu, kiyoyozi. Zulia. Pazia. Watu wananong'ona kama kuna mtoto ndani. Ukikohoa, askari anakutazama. Ile si ofisi, jamani. Pale wanabembeleza hela!

Kijiwe kikatikisa vichwa kwa heshima, maana nadharia hiyo ilikuwa na ushahidi.

— Sasa mbona za matajiri hazilali? akauliza Bomba.

— Hela ya tajiri haina wakati wa kulala, akasema Bi Kijiko. Asubuhi iko safarini, mchana inajenga ghorofa, jioni imeleta wenzake. Ya maskini inafika pale imechoka. Imetoka mkononi kwa mlinzi, imekesha naye! Ikiona zulia tu, chali.

— Na pale inapolala inalipa kitanda, akadakia Bomba. Hiyo ndiyo ada! Kodo, hela yako iko gesti!

— Mgeni siku mbili, akasema Kiambatisho akiinua kidole, ya tatu mpe jembe. Walipaswa kuipa jembe mapema. Kosa ni la benki.

— Dawa yake jogoo, akasema Bomba. Nasema kweli. Unamficha jogoo ndani ya begi, unaingia naye mpaka katikati ya ukumbi, unafungua zipu. Akiwika mara moja, akaunti zote za mtaa huu zinakurupuka.

— Haiwezekani. Jogoo la shamba haliwiki mjini.

— Tutachukua wa mjini!

— Wa mjini atataka kitambulisho.

Wakabishana kama jogoo atahesabiwa kuwa mteja au mgeni wa mteja, kama atavuliwa kofia mlangoni, yaani kilemba chake, na kama akiwika mno hazitaamka hata akaunti za marehemu. Kodo alijikuta anacheka. Alicheka huku machozi yakimlenga, na hakujua hayo machozi ni ya usingizi au ya nini. Hapo redio ndogo ya Bi Kijiko ikalia milio ya saa sita. Benki imefungwa. Vicheko vikaisha, kila mtu akaangalia kikombe chake.

Ndipo mkewe Kodo akafika. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa hajawahi kusimama pale hata siku moja. Mkononi alishika kufuli, lile la kwao, walilolinunua kwa hela yao na ambalo mwenye nyumba hakuweza kulichukua.

— Karibu, shemeji, wakasema wanaume kwa pamoja.

— Asanteni. Baba watoto, imekuwaje? Mwenye nyumba amekwenda zake harusini mpaka kesho kutwa. Kwake kafunga, na mlango wetu umo ndani.

Kodo akamweleza aliyoambiwa dirishani, kisha akampa simu. Mkewe akasoma ujumbe mara mbili, polepole, midomo ikicheza. Kisha akauliza:

— Si walikwambia akaunti iliyolala haikatwi?

— Ndiyo.

— Hii elfu sita wameikataje?

Bomba akachungulia simu. Kiambatisho akapekua mkoba, ukurasa wa kwanza, wa pili, na kiambatisho.

— Labda, akasema Bomba taratibu, ilikuwa inaweweseka. Mtu akiweweseka anaweza kutoa kitu.

— Haya. Na wakati inaweweseka kutoa elfu sita, isingeweza kuweweseka kutoa kumi?

Kiambatisho akafunga mkoba. Bi Kijiko naye akajishughulisha na kufuta kikombe kilichokuwa kikavu. Shemeji akawatazama mmoja mmoja, hao wanaume watatu waliotawala nchi tangu asubuhi, kisha macho yake yakashuka. Yakatulia kwenye ule ubao. Yakaenda kwenye tundu lenye vijiti vya kiberiti, yakaja kwenye vyuma vya kutu vya ubavuni.

— Mmekuwa hapa mnazungumzia mlango wangu muda wote huu? akauliza.

— Mwanzo mwisho, shemeji, akasema Kiambatisho kwa fahari.

— Na hicho mlichokalia ni nini?

Wakatazama chini. Bomba akapitisha kidole kwenye tundu la funguo. Kodo akagusa bawaba iliyomchania suruali mbili. Miaka yote hiyo wamekaa juu ya mlango mzima wa mbao ngumu, wakitafuta njia ya kuingilia serikalini.

Bi Kijiko akainamisha birika, halikutoka hata tone.

— Kahawa imeisha, akasema. Simameni.

Wakasimama. Kiambatisho alitaka kujua kama kuna kibali cha kuhamisha samani ya umma, akaambiwa ashike kona. Waliubeba katikati ya mtaa, shemeji mbele na kufuli lake, wanaume nyuma wakihema. Bomba akautundika kwa misumari ya kwake na zile nati mbili, akachokonoa vijiti vya kiberiti vya miaka mingi kutoka kwenye tundu, akipiga kazi kimya kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Ulipungua vidole vinne kwa juu.

— Hapo paka atapita, akasema.

— Apite, akasema Kiambatisho. Ila alipe ada.

Shemeji akapachika kufuli, likalia tah! Akalifungua, akalifunga tena, bila sababu, kusikia tu. Kodo aliusukuma ule mlango kwa bega, kwa nguvu zake zote za ulinzi, nao haukutikisika. Aliwashukuru wenzake, mkewe akamfungulia, akaingia ndani, akajilaza na fulana yake ya AMKA NASI, akalala fofofo mchana kutwa.

Saa kumi na moja jioni zamu ilipokaribia, mkewe akaja akamtikisa bega. Alimwamsha bure, bila ada.