Bekalu Ayalneh, Dereva wa Greda Aliyesokota Pamba

Ndugu, majirani na wanachama wenzetu wa chama cha mazishi, mimi ni Tiruwork, mdogo wake marehemu, na ndimi pekee niliyebaki wa tumbo moja naye. Watoto wake wameniomba nisome kwa ufupi na nisitie utani. La kwanza nitajitahidi.

Marehemu Bekalu Ayalneh alizaliwa Debre Tabor tarehe 12 Hedar mwaka 1944 kwa kalenda yetu, sikukuu ya Malaika Mikaeli. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bwana Ayalneh Desta na Bi Enatnesh Kassa. Alijifunza kusoma Zaburi kwa padri, kisha akaingia shule ya serikali na kufika darasa la nane. Hesabu alikuwa anaziweza. Kukaa kimya ndiko kulikomshinda, na fimbo alichapwa mpaka akazizoea.

Mwaka 1963 aliajiriwa kibarua wa barabara. Baada ya miaka minne akapandishwa kwenye greda, na hapo ndipo alipostaafia mwezi wa Sene mwaka 2004. Alisawazisha barabara za Gondar, Wollo na Bale. Ukisafiri naye ilikuwa shida, maana basi likishika njia yake tu, anasimama na kuwatangazia abiria, "Hii ni yangu! Mnasikia ilivyotulia?" Abiria wanatikiswa mpaka meno yanagongana, yeye anatabasamu.

Tarehe 17 Tir mwaka 1970 alifunga ndoa na Bi Yeshimebet Tadege, Yeshi wetu. Mungu aliwajalia watoto wanne: Getnet, Asnakech, Mulat na Wubit. Wifi yangu alikuwa msokotaji wa pamba ambaye mtaa mzima wa Shiro Meda ulimjua. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa alipewa gabi, shuka letu zito la mikunjo minne, iliyofumwa kwa uzi wa mkono wa mama yake. Watatu walipata zao. Ya Wubit ilikuwa bado kikapuni, uzi umefika nusu, Yeshi alipotutoka mwezi wa Tikimt mwaka 2008.

Hapo kaka yangu akageukia ukutani. Hakula, hakuoga, hakugombana na mtu. Daktari alimpima akasema mwili hauna ugonjwa, mtafutieni jambo la kufanya hapo nyumbani. Getnet akaleta mikebe ya kupandia rehani, ikakauka yote. Mulat akaleta sataranji. Marehemu aliutazama ule ubao akasema, "Huyu mfalme naye kazi yake kukaa tu," akarudi kulala. Wubit aliahirisha harusi mara ya kwanza, akaahirisha mara ya pili. Jamani, tuliogopa. Tulijua hema la msiba halitakaa sana ghalani.

Siku moja niliingia chumbani kwake, nikavuta kigoda, nikachukua kijiti cha kusokotea cha Yeshi na kuanza kazi.

"Weka chini! Hicho ni cha mke wangu."

"Na ni cha wifi yangu. Binti yako anasubiri gabi. Wewe unasubiri nini?"

"Kamnunulieni sokoni."

"Haya, mwite umwambie hivyo mwenyewe. Mwambie avae ya sokoni kama mtoto asiyekuwa na mama."

Mimi nikaendelea kusokota. Baadaye nikasikia kitanda kinalia, kaka amegeuka.

"Unakishika vibaya," akasema. "Yeshi hakuwa anakishika hivyo."

"Basi nionyeshe, bwana mkubwa."

Mnajua wote kwamba kwetu mwanamume anafuma lakini hasokoti. Mikono yake ilizoea usukani na vyuma, pamba ikawa inamkatikia kila akivuta. Jirani yetu Bwana Shiferaw, yule pale anayejificha nyuma ya mwavuli, alichungulia uani akapiga kelele, "Njooni muone! Greda imeingia jikoni!" Marehemu akamjibu, "Ingia na wewe, nikusawazishe." Mimi nilikimbilia ndani kulia kwa furaha, kwa sababu tangu mazishi ya mkewe alikuwa hajamtania mtu.

Uzi wa kwanza tuliupeleka kwa mfumaji wetu, Bwana Anjulo. Aliubonyeza kwa vidole akatuuliza, "Huu wa kufungia ng'ombe?" Akaurudisha. Wa pili akaurudisha vilevile. Nikadhani kaka yangu atarudi ukutani. Wapi! Alinikasirikia mimi, akaikasirikia pamba na Bwana Anjulo, na asubuhi yake nikamkuta juani kwenye kigoda, ameoga, anasokota. Wa tatu Bwana Anjulo aliupokea huku anaguna. Akashauri auchanganye na wa Yeshi ili vinundu visionekane.

"Usichanganye," Wubit akamwambia. "Anza na wa mama, umalizie na wa baba."

Wubit aliolewa na Dagim mwezi wa Miazia mwaka 2009, akiwa na gabi yake mabegani. Ukiipitishia kiganja, ni laini, laini, halafu mkono unaanza kukwaruzwa. Hapo ndipo Yeshi alipoishia na Bekalu akaanza.

Tangu hapo hakukiacha kijiti. Wastaafu wa mtaani walikuja kumcheka wakaishia kuomba pamba, Bwana Shiferaw akiwa wa kwanza. Mchana ua wa marehemu ulijaa wazee wanaosokota na kusengenya kutushinda sisi wanawake. Miaka ile saba ilikuwa ya raha.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa vizuri, na tunawashukuru waliomhudumia. Alifariki nyumbani tarehe 3 Ginbot mwaka 2016, akiwa na miaka sabini na miwili, baada ya kunywa kahawa yake na kuilalamikia.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja mwenye mdomo, na kikapu cha uzi kilichofika nusu. Uzi huo alikuwa anamwandalia mjukuu wake, Yeshi mdogo, binti wa Wubit, ambaye ana miaka sita na hana haraka ya kuolewa.

Jana hemani, watu wakila ngano na maharage ya msiba, mkwe wetu Dagim alikwenda akakitwaa kile kikapu, akaketi katikati ya wanaume na kuanza kusokota. Uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika tena. Bwana Shiferaw alikuwa analia, lakini hakujizuia: "Mkwe, unamfunga ng'ombe gani?"

"Nifundisheni basi," Dagim akasema.

Bwana Anjulo aliinuka kule alikokaa, akaushika ule uzi, akaubonyeza kwa vidole.

"Ukimaliza niletee," akamwambia. "Nitaurudisha. Wewe niletee tu."

Lala sasa, kaka. Mungu airehemu roho yako na akuweke karibu na Yeshi wako.